Kuwarudisha Kanga na Kwale Mashambani: Mafunzo kwa Watu wa Mhezi na Milima ya Upare

Mtu akiona ya kuwa kanga na kwale wamekuwa haba katika nchi yake, neno la kwanza alisemalo ni kwamba wawindaji wamewamaliza. Pengine ni kweli. Mitego na mbwa wasiofungwa huua ndege wengi, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda pasipo kibali. Lakini hata nchi isiyo na mtego mmoja yaweza kukosa kwale, ikiwa hamna mahali pa kutagia wala chakula cha vifaranga. Mafunzo haya yahusu mambo hayo mawili, maana yamo katika mikono ya wakulima wenyewe.

Yapasa kwanza kujua maisha ya ndege hawa. Wakati wa kiangazi kanga hutembea makundi makundi, na usiku hulala juu ya miti. Mvua zikianza, hujitenga wawili wawili. Jike huparua shimo dogo chini ya majani marefu, akataga mayai 6 mpaka 12, na pengine zaidi, kwa kuwa majike wawili huweza kutaga mahali pamoja. Kisha huatamia siku 26 mpaka 28. Basi ukihesabu na siku za kutaga, tangu yai la kwanza mpaka kuanguliwa hupita siku 40 hivi. Kwale hutaga mayai machache zaidi, naye huatamia majuma matatu au kuzidi kidogo. Vifaranga wa wote wawili hutoka kiotani upesi na kumfuata mama yao kwa miguu. Lakini siku zao za kwanza hawawezi kuruka, na hapo ndipo wengi hupotea.

Siku 40 ni nyingi mno kwa majani ya milimani. Huku ng'ombe wengi hufugwa zizini na kukatiwa majani, na majani hayo hutoka katika kingo za matuta na kando ya mifereji, yaani pale pale kwale apendapo kutaga. Mama aendaye na mundu asubuhi hana nia mbaya; ng'ombe wake anangoja. Kumwambia asikate kabisa ni maneno ya bure. Afadhali akate kwa zamu: ukingo huu ukatwe sasa, na ule wa pili uachwe mpaka siku zitimie. Tena aanze upande mmoja na kuendelea mbele, ili jike apate njia ya kutoka, wala asikate kwa kuzunguka na kumfungia katikati. Akikuta mayai, ayaache na majani yake, hatua mbili kila upande. Asiyachukue kumwekea kuku nyumbani, kwani kifaranga aliyelelewa na kuku hafundishwi mambo ya porini kama afundishwavyo na mama yake.

Sasa habari ya chakula. Kanga mkubwa hula mbegu, mizizi na wadudu; lakini kifaranga hakui kwa nafaka, hutaka wadudu. Jambo hili lilionekana wazi huko Uingereza, ambako kwale wa kijivu walipungua sana baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Mtaalamu Dick Potts alichunguza mashamba ya Sussex kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, akaona ya kuwa dawa za kuua magugu ziliondoa mimea iliyolisha wadudu, na vifaranga wakafa njaa. Wakulima walipoacha ukingo wa shamba bila kunyunyiza dawa, vifaranga wengi zaidi waliishi. Mkulima wa Mhezi anunuaye dawa dukani aweza kufanya vivyo hivyo.

Mwenye mahindi atauliza: je, kanga hafukui mbegu? Hufukua, wala haifai kumficha mtu jambo hilo. Hatari kubwa ni tangu kupanda mpaka mche ushike, na kanga hula hasa asubuhi na alasiri. Siku hizo shamba lilindwe na watoto au mbwa aliyefungwa. Mche ukiisha kushika, kanga hutafuta wadudu na mbegu za magugu.

Ukingo wa mtu mmoja hautoshi. Watu wa Upare wanao msaragambo, ambao kwa huo husafisha ndiva na mifereji pasipo ujira. Basi siku hiyo hiyo wenye mashamba ya bonde moja wapatane kingo zitakazoachwa, mbwa watakaofungwa, na mahali pa kufyeka ili moto usipite. Waanze karibu na misitu midogo ya koo iitwayo mpungi, ambako vichaka bado vipo. Wasinunue ndege wa kufugwa na kuwaachilia; wengi huliwa na wanyama kabla ya kuzoea pori.

Mwisho, wahesabu. Kila mwaka, mwezi ule ule, watu wawili wasimame mahali pale pale alfajiri kwa muda wa nusu saa, waandike sauti za kwale zimetoka pande ngapi. Kanga wahesabiwe wakati wa kiangazi, jioni, penye miti walalayo, na wadogo waandikwe mbali na wakubwa. Mwaka wa kwanza hesabu yaweza isibadilike hata kidogo. Karatasi zitunzwe na mtu mmoja wa bonde hilo, na mwaka wa tatu zisomwe mbele ya watu siku ya msaragambo, ndipo waamue kama kingo zile ziongezwe au zihamishwe.