Hina, Piko na Ngozi Yako: Si Kila Kiitwacho cha Asili ni Salama

Katika ufukwe wa Kiwengwa, mchoraji hina hukaa kivulini akiwa na vikopo viwili: kimoja cha rangi nyekundu, kingine cha rangi nyeusi. Wageni wengi huchagua nyeusi, kwa kuwa hukolea upesi. Bibi harusi naye hupambwa kwa zote mbili. Aghalabu rangi zote huitwa hina, na hapo ndipo kosa linapoanzia.

Tofauti ya hina na piko

Hina halisi ni unga wa majani makavu ya mhina. Rangi yake huanzia machungwa na kuishia wekundu wa kahawia, nayo huhitaji saa kadhaa kukolea. Ni nadra kuleta mzio. Weusi wa makaa unaokolea kwa muda mfupi hutokana na piko, yaani rangi ya nywele, ambayo mara nyingi huwa na kemikali ya parafenilenidiamini (PPD). Umoja wa Ulaya huiruhusu katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, wala hauiruhusu kuchorea ngozi. Anayechanganya piko katika kikopo hana kipimo.

Mzio hutokeaje?

Mwili huizoea kemikali kama adui. Aliyepakwa mara ya kwanza huenda asione kitu, au dalili zikachelewa wiki moja hadi mbili. Akirudia, dalili huweza kuja ndani ya siku moja hadi tatu: muwasho, wekundu, uvimbe na malengelenge yanayofuata mistari ya mchoro. Kovu laweza kubaki, na mzio wenyewe kwa kawaida hudumu maisha yote. Mtoto aliyechorwa piko siku ya Idi anaweza, miaka mingi baadaye, kuvimba uso kwa kutia rangi nywele zake.

Singo na mafuta ya viungo

Mimea isiyochanganywa na kemikali nayo huweza kudhuru. Mafuta ya karafuu yana yujenoli. Mafuta ya mdalasini, mchaichai na langilangi pia huwapa mzio baadhi ya watu. Hatusemi singo iachwe. Tunasema itumiwe kwa hadhari.

Jikinge

1. Uliza rangi imechanganywa na nini. Usipopata jibu, usipakwe.
2. Usipake piko kwenye ngozi, hasa ya mtoto.
3. Usipake mafuta makali ya viungo peke yake. Yapunguze kwa mafuta ya nazi.
4. Singo au mafuta mapya yajaribu kidogo upande wa ndani wa mkono, kisha subiri saa 48. Piko usiijaribu hivyo: jaribio lenyewe laweza kuanzisha mzio.
5. Ukiwashwa, osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali. Usiongeze dawa nyingine ya mitishamba. Nenda kituo cha afya. Uvimbe wa uso au shida ya kupumua ni dharura.
6. Hifadhi paketi au chupa, utoe taarifa kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA).

Maswali ya kujipima

1. Utaitambuaje hina halisi kwa rangi yake na muda wa kukolea?
2. Kwa nini aliyepakwa piko mara moja bila madhara hana hakika ya usalama mara ya pili?