Kura ni Ushahidi: Mpiga Kura Huru ni Yupi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zangu Waislamu,

Katika darsa yetu ya baada ya Magharibi kijana mmoja aliuliza: "Sheikh, mimi sina chama wala kadi ya mtu. Je, mimi ndiye mpiga kura huru?" Usiku ule nilimjibu kwa ufupi. Leo nataka kulieleza jambo hili, kwani uchaguzi hutujia kila miaka 5 na wengi wetu huuingia bila ya ilimu.

Kura ni nini? Wanavyuoni wa zama zetu, miongoni mwao Mufti Muhammad Shafi wa Pakistani na Sheikh Yusuf al-Qaradawi, wameihesabu kura kuwa ni ushahidi. Ukitia alama mbele ya jina la mtu, umeshuhudia kwamba huyu afaa kukabidhiwa kazi hii. Basi yampasayo shahidi yampasa na mpiga kura: asinunuliwe, asitishwe, asishuhudie asilolijua, wala asipotoe kwa ajili ya jamaa zake. Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kusimamisha uadilifu ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, au wazazi na jamaa zetu.

Sheria ya nchi nayo imemlinda shahidi huyu. Wazee wakumbuka mlolongo wa mwaka 1988, katika uteuzi wa wagombea wa KANU, watu walipopangwa safu nyuma ya wamtakaye. Chifu aliona, tajiri aliona, jirani aliona. Leo Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 38, yampa kila raia mtu mzima aliyeandikishwa haki ya kupiga kura ya siri. Na aandikishwapo kuwa mpiga kura, hilo halifungwi na uanachama wa chama chochote. Kwa hivyo mwenye chama aweza kuwa huru, na asiye na chama aweza kuwa mtumwa. Uhuru huu huondolewa na mambo matatu.

La kwanza ni fedha. Watu husema: "Twala pesa zao, kisha twapiga kura tupendavyo." Hoja hii haisimami. Mtume (S.A.W.) amemlaani mtoaji rushwa na mpokeaji, na sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 yawashika wote wawili. Anayepokea akatimiza ameuza ushahidi wake. Anayepokea akavunja ahadi amekula rushwa na amesema uwongo. Tena imepokewa katika Hadithi sahihi kwamba miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu hatasema nao Siku ya Kiyama ni mtu aliyempa kiongozi baia kwa ajili ya dunia tu: akipewa hutimiza, asipopewa hatimizi. Na hata hapa duniani khasara ni yetu. Aliyekununua haoni kwamba ana deni kwako. Utakapokwenda kumlalamikia kwamba maji hayatoki, moyoni mwake atasema: huyu nilikwisha mlipa.

Lakini tusimlaumu mama mwenye watoto wenye njaa, aliyeletewa pakiti ya unga usiku wa kuamkia uchaguzi, kama tumlaumuvyo aliyemwacha na njaa miaka 5 kisha akamjia na pakiti hiyo. Na sisi tu wapi? Lau zaka zetu zingemfikia, ushahidi wake usingepatikana kwa bei ile.

La pili ni kabila, ukoo na chama. Kuwapenda watu wako si dhambi. Dhambi ni kuwasaidia katika dhulma. Mpiga kura wa Kenya hupewa karatasi 6: ya Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Hizo ni shahada 6, na kila moja ina hesabu yake. Ukiwachunguza wote ukaona wa chama kimoja ndio bora, hapana ubaya. Lakini ukizitia alama zote kwa kutazama rangi na picha ya chama tu, umeshuhudia usilolijua.

La tatu ni amri za wakubwa: mume kumwamrisha mkewe, tajiri kuwaamrisha wafanyakazi wake, na sheikh kuwaamrisha maamuma. Hili la mwisho lanikhusu. Mwaka mmoja wa uchaguzi mgombea alituletea mazulia ya msikiti, nami nikampa nafasi ya kusema baada ya sala. Sikumwambia mtu ampigie kura, lakini watu waliona na wakafahamu. Mazulia yale tungali twasalia juu yake, na kila nikisujudu nakumbuka. Namwomba Mwenyezi Mungu maghufira. Sheikh asemaye kwamba asiyemchagua fulani ataharibikiwa na dini yake amewadhulumu watu, tena amegusa lililokatazwa na sheria hiyo ya 2016, ambayo imekataza kumtisha mpiga kura hata kwa madhara ya kiroho.

Kazi ya sheikh ni kufundisha mizani. Katika Suratul Qasas, aya ya 26, binti aliyemsifu Nabii Musa (A.S.) alitaja sifa mbili za mtu bora wa kuajiriwa: nguvu na uaminifu. Basi muulizie mgombea: je, aijua kazi aitakayo na aiweza? Je, amana alizopewa kabla alizifanya nini? Awalipa wafanyakazi wake? Jirani zake wasemaje? Ukishapima, ingia peke yako, tia alama, na siri yako usimpe mtu.

Wala kukaa nyumbani si uhuru. Suratul Baqara, aya ya 283, yatukataza kuficha ushahidi. Agosti 2022 walioandikishwa Kenya walizidi milioni 22, na waliopiga kura walikuwa milioni 14 na kitu.

Basi kijana wangu, jawabu yako ni hii: jiulize kama waweza kumnyima kura aliyekupa, na kumpa asiye wa kwenu, pindi haki ikiwa huko. Ukiweza, wewe u huru, una kadi au huna.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki na atupe nguvu ya kuifuata. Amin.

Wabillahi tawfiq.