HESABU YA ADESI NA MBAAZI

Adesi ni chakula kijulikanacho sana pwani na mijini, walakini si wengi waijuao kama zao la biashara. Nchi iuzayo ng'ambo adesi nyingi kupita zote ulimwenguni ni Kanada, na karibu zote hulimwa katika jimbo moja, Saskatchewan. Yafaa tuitazame hesabu ya wakulima wa huko, kwa maana yawahusu hata wakulima wa mbaazi wa Afrika Mashariki.

Saskatchewan ni nchi ya ngano, yenye mvua chache. Zamani mkulima aliliacha shamba mwaka mzima bila kulipanda, ili udongo uweke unyevu. Katika mwaka 1978 Profesa Alfred Slinkard wa Chuo Kikuu cha Saskatchewan alitoa mbegu ya adesi iitwayo Laird, na mashamba mengi yaliyokuwa yakilala yakaanza kuzaa. Faida yake ya kwanza haionekani sokoni. Mizizi ya adesi ina vifundo ambamo huishi vijidudu vishikavyo naitrojeni ya hewani. Basi mbolea ya naitrojeni hainunuliwi sana kwa zao hilo, na ngano ifuatayo huhitaji mbolea kidogo zaidi. Mwenye kuhesabu magunia tu, asiihesabu mbolea asiyoinunua, hajapiga hesabu.

Gharama nazo zipo. Mmea ni mfupi na maganda yake yako karibu na ardhi. Kwa hiyo baada ya kupanda, shamba hupitishiwa rola nzito ili mawe yadidimie, yasije yakavunja visu vya mashine ya kuvunia. Tena, shamba lililoingiwa na ugonjwa wa kuozesha mizizi halifai kupandwa adesi kwa muda wa miaka sita au zaidi. Adesi za kijani zikikaa sana ghalani, ganda lake hugeuka kuwa hudhurungi, na mnunuzi hupunguza bei. Nyekundu hukobolewa na kupasuliwa, hivyo rangi ya ganda si neno kubwa. Atakaye kungojea bei nzuri hana budi kulijua jambo hili kabla ya kupanda.

Lakini bei yenyewe hukatwa mbali. Mvua za India zilipopungua mwaka 2014 na 2015, bei zilipanda, na wakulima wa nchi nyingi wakapanua mashamba. Kisha mavuno ya India yakawa mengi, na serikali yake ikataka kuwalinda wakulima wake. Mwezi Agosti 2017 iliweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka kwa mbaazi za kutoka nje. Desemba mwaka ule ule ikazitoza adesi ushuru wa asilimia 30, hali mavuno ya Saskatchewan yamekwisha kuingia ghalani. Ushuru huo ulibadilishwa mara kadhaa baadaye.

Mkulima wa Kanada alikuwa na ngano yake ya kuuza. Yule wa Babati, Tanzania, aliyezipanda mbaazi kati ya mahindi, alipata angalau mahindi. Aliyepanda mbaazi tupu aliona bei ikianguka mikononi mwake. Ni kweli kwamba mbaazi zina mlaji wa karibu: Mombasa huliwa kwa nazi, pamoja na mahamri, asubuhi. Ila mlaji huyo hununua kibaba, wala hawezi kumaliza shehena iliyokusudiwa kujaza meli.