Mawe ya Olduvai na Sumaku ya Dunia

Ndugu msomaji, je, umepata kuiona dira? Dira ni kifaa kidogo chenye sindano ya sumaku. Mabaharia huitumia kujua njia. Hata ukiizungusha vipi, sindano hurudi kuelekea kaskazini.

Kwa nini? Kwa sababu dunia yetu ni kama sumaku kubwa. Chini sana, kiasi cha kilometa 2,900 kutoka tunaposimama, kuna chuma kingi kilichoyeyuka kwa joto. Chuma hicho hakitulii, kinazunguka. Mzunguko wake ndio unaoleta nguvu inayovuta sindano ya dira.

Sumaku iligeuka

Zamani sana nguvu hiyo iligeuka, tena mara nyingi. Kama ungekuwa na dira wakati huo, ncha ya kaskazini ingeelekea kusini. Lakini dunia yenyewe haikupinduka. Jua lilitoka mashariki kama kawaida. Kilichogeuka ni sumaku tu. Mara ya mwisho ilikuwa kiasi cha miaka 780,000 iliyopita.

Wataalamu walijuaje?

Mtu atauliza: nani alikuwepo akaona? Mashahidi ni mawe.

Fikiri juu ya tofali. Likiwa bichi, ukilichora kwa kidole alama inaingia. Likishachomwa, alama haifutiki tena. Mawe ya volkano nayo ni hivyo hivyo. Volkano ikilipuka, hutoa mawe yaliyoyeyuka kama uji wa moto. Ndani yake mna punje ndogo ndogo zenye chuma. Uji huo ukipoa, punje hizo zinashika mwelekeo wa sumaku ya wakati ule. Jiwe likishakuwa gumu, mwelekeo huo unabaki.

Mwaka 1906, Bernard Brunhes wa Ufaransa alitangaza kwamba amepata mawe yenye mwelekeo wa kinyume. Mwaka 1929, Motonori Matuyama wa Japani alionyesha kwamba mawe ya namna hiyo ni ya kale kuliko yale yenye mwelekeo wa leo.

Korongo la Olduvai

Tanzania nayo imo katika habari hii. Mwaka 1963, wataalamu Grommé na Hay walieleza walivyopima mawe ya volkano ya Korongo la Olduvai, huko Ngorongoro. Waliona kwamba mwelekeo wake ni kama wa leo. Lakini mawe mengi ya nyakati zile, kutoka nchi nyingine, yalikuwa kinyume. Basi ikajulikana kwamba sumaku iligeuka ikawa kama ya leo kwa muda, kisha ikageuka tena. Muda huo ulianza kiasi cha miaka 1,950,000 iliyopita, ukaisha kiasi cha miaka 1,770,000 iliyopita. Wataalamu wa dunia nzima wanauita muda wa Olduvai.

Faida yake ni nini? Sumaku inapogeuka, hugeuka kwa dunia nzima. Kwa hiyo alama hiyo ikionekana katika mawe ya nchi nyingine, au chini ya bahari, inasaidia kujua umri wake.

Je, tuogope?

Wako watu wanaosema kwamba sumaku ikigeuka dunia itakwisha. Msikubali upesi. Ni kweli kwamba sumaku inapogeuka nguvu yake hupungua, na nguvu hiyo hutukinga na chembe kali zitokazo kwenye jua. Lakini hewa iliyo juu yetu nayo hutukinga. Tena kugeuka si jambo la siku moja. Huchukua maelfu ya miaka.

Ushahidi uko Olduvai penyewe. Katika tabaka za chini, za wakati sumaku ilipokuwa kama ya leo, zimo zana za mawe za watu wa kale. Katika tabaka za juu yake, za baada ya sumaku kugeuka, zana zimo vile vile. Maana yake watu wale waliendelea kuishi, wakachonga mawe na kulea watoto.

Basi ukisikia uvumi, uliza: ushahidi uko wapi?

Maswali ya kikundi

1. Sindano ya dira inavutwa na nini?
2. Jiwe la volkano linafananaje na tofali la kuchoma?
3. Muda wa Olduvai ulikuwa wa miaka mingapi? Toeni 1,770,000 katika 1,950,000.
4. Utamjibuje jirani anayeogopa kwamba dunia itakwisha?