Wajibu wa Wazazi katika Masomo ya Watoto Nyumbani



Katika darasa yetu ya mara hii twapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu twalifanyia sahali, nalo ni masomo ya mtoto anapokuwa nyumbani. Asubuhi twampeleka shule, alasiri twampeleka chuoni, kisha twadhani kuwa tumekwisha timiza wajibu wetu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamlazimisha mzazi kumpeleka mwanawe shule. Lakini dini yetu yatutaka zaidi ya hayo. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kuwa kila mmoja wetu ni mchunga, naye ataulizwa juu ya alichokichunga. Na mchunga, hata akimpa mwenziwe kundi lake mchana, jioni hulihesabu mwenyewe.

Mzazi hujitetea akasema: "Mimi sikusoma, nitamfundisha nini mtoto aliyekwisha nipita?" Udhuru huu twausikia sana, hasa tangu mwaka 2019 ulipoenezwa nchini mtaala wa umilisi, unaomtaka mzazi ashiriki katika kazi za mwanawe. Jawabu yetu ni kuwa mtoto hahitaji kufanyiwa kazi zake. Afanyiwaye kazi na babake hurudi shule na daftari lililojaa na kichwa kitupu. Ahitajilo ni mambo manne, na hapana hata moja litakalo shahada.

Kwanza ni wakati. Baina ya Magharibi na Isha hupatikana saa moja na zaidi. Wakati huo televisheni izimwe na simu ziwekwe kando, zetu sisi kabla ya yake. Mtoto aambiwaye asome, na hali babake acheka na simu, hufahamu kuwa kusoma ni adhabu ya wadogo.

Pili ni kumsikiliza. Mama asiyejua hata herufi moja aweza kumwambia: "Hebu nieleze, mwanangu, mumesoma nini leo?" Akikwama katikati, hapo ndipo asipopafahamu, na kesho atajua la kumuuliza mwalimu. Hii ndiyo njia ya vyuo vyetu tangu zamani: mwanafunzi husoma mbele ya mwalimu, ndipo kosa likaonekana. Hesabu nazo zimo jikoni na dukani. Mtoto aliyekata mkate wa sinia vipande 8, akamgawia kila mtu fungu lake, hatishwi na akisami.

Tatu ni usingizi. Waganga wasema kuwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 ahitaji kulala saa 9 hadi 12. Akilala saa mbili na nusu za usiku, akaamshwa saa kumi na moja na nusu kuswali Alfajiri, amezipata saa 9. Lakini akikesha na senema hata saa tano, kesho mwalimu afundisha mwili uliolala.

Nne ni uadilifu, nao ndio uliopotea zaidi majumbani mwetu. Mwana wa kike atoka chuoni akaosha vyombo, akabeba mdogo wake, akafagia. Na kakake, aliye darasa moja naye, amekaa na kitabu au yuko barazani. Mwisho wa mwaka twasema msichana hana akili! Tumempa lini nafasi ya kuitumia? Kutafuta elimu ni faradhi juu ya kila Mwislamu, mwanamume na mwanamke. Na anayeona haya mwanawe wa kiume kushika sufuria, na akumbuke kuwa Bibi Aisha, radhi za Mwenyezi Mungu zimshukie, alipoulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake. Basi kazi zigawanywe, ili wote wawili waikute saa ya kusoma mikono yao i mitupu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atuwafikie kuyatenda haya, na awaruzuku watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin.