SOMO LA AFYA: MGUU ULIOTEGUKA NA WALE WANAOUTEGEMEA

Maandiko ya kusoma: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13, Matendo 3:1-10, Waebrania 12:12-13



Leo tunazungumza juu ya viungo vya mwili vilivyoumia, hasa kifundo cha mguu. Huenda mtu atauliza: hili nalo ni jambo la kanisa? Ndiyo, mpendwa. Hapa makazini wengi wetu hatuna gari wala baiskeli. Miguu ndiyo inayoleta maji, kuni na posho. Mguu wa mama ukiumia, nyumba nzima inachechemea.

1. MTOTO ALIYEUMIA SIKU YA KUKIMBIA

Biblia inatueleza habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani. Alikuwa na miaka 5 habari zilipofika kwamba baba yake na babu yake Sauli wamekufa vitani. Mlezi wake akamchukua akakimbia naye. Katika ile haraka mtoto akaanguka, na tangu hapo akawa mlemavu wa miguu yote miwili. Hakuzaliwa hivyo. Aliumia siku ya kukimbia.

Wengi wetu tukisoma habari hiyo hatuhitaji mtu wa kutufafanulia. Tuna ndugu waliovunjika au kuteguka njiani, wakaendelea kutembea kwa sababu hapakuwa na namna. Yule mlezi hakuwa na ubaya. Alimpenda mtoto na alitaka kumwokoa. Lakini upendo peke yake hautoshi kama hatujui la kufanya na mguu ulioumia. Ndiyo maana tunajifunza.

2. YALIYOMPATA DADA MMOJA WA KWAYA

Dada mmoja wa kwaya yetu ameturuhusu kueleza habari zake bila kumtaja jina. Wakati wa mvua aliteleza karibu na bomba, akiwa na dumu la lita 20 kichwani. Mguu ukapinda kwa ndani. Jirani mwenye huruma akaukanda kwa maji ya moto, kisha akauvuta kwa nguvu mpaka dada akalia. Usiku ule mguu ulivimba kuliko mwanzo. Akalala mkekani wiki 3 bila kuukanyaga. Binti yake wa darasa la 5 akaacha shule ili achote maji.

Dada alipoinuka, mguu ulikuwa umekakamaa na shavu la mguu limepungua. Siku chache baadaye, kwa jiwe dogo tu, ukateguka tena mahali palepale.

Sisi tulimwombea, na kuomba ni vema. Lakini mambo matatu tuliyakosa. Mguu haukukaguliwa kujua kama umevunjika. Ulikandwa kwa nguvu siku ambayo ungeachwa utulie, kisha ukalazwa siku ambazo ungesogezwa. Na la tatu, hakuna aliyemchotea maji. Tuyatazame moja moja.

3. NDANI YA KIUNGO KUNA NINI?

Mfupa na mfupa hufungwa pamoja kwa nyuzi ngumu zinazoitwa ligamenti. Tunaposema mguu umeteguka, mara nyingi mfupa haujatoka mahali pake. Ni hizo nyuzi zimevutika kupita kiasi, au baadhi zimekatika, kama kamba iliyochanika nusu. Kwenye kifundo, mara nyingi huumia zile za upande wa nje. Damu na maji hujaa pale, ndiyo uvimbe tunaouona.

Kwa hiyo kuvuta mguu "urudi" hakusaidii. Ukiwa na kamba iliyochanika nusu, je, utaiponya kwa kuivuta?

4. KWANZA: JE, UMEVUNJIKA?

Madaktari wa mji wa Ottawa, Kanada, walitoa mwaka 1992 kanuni rahisi ya kujua ni nani anahitaji kupigwa picha ya mifupa. Mpaka leo inatumika mahali pengi duniani. Hata nyumbani yatupa mwanga. Mpeleke mgonjwa zahanati bila kuchelewa ikiwa:

- Hawezi kupiga hatua 4, hata kwa kuchechemea.
- Ukibonyeza mfupa wenyewe wa kifundo, upande wa nyuma au nchani, wa nje au wa ndani, anaumia sana.
- Ukibonyeza mfupa wa katikati ya ukingo wa nje wa unyayo, au ule wa juu upande wa ndani, anaumia sana.

Usisubiri hata saa moja ikiwa mguu umepinda vibaya, mfupa umetoboa ngozi, au vidole vimekuwa baridi, vyeupe au vimekufa ganzi. Mtoto mdogo na mzee wapelekwe hata kama dalili ni ndogo. Na kiungo kikivimba na kuwa cha moto pamoja na homa, pengine hiyo siyo ajali bali ni maambukizi. Nenda siku hiyohiyo.

5. SIKU 3 ZA KWANZA: LINDA MGUU

a) Pumzika kazi nzito. Tembea kidogo tu, kwa fimbo.

b) Inua mguu juu kuliko moyo unapolala. Mto wa nguo au gunia lililokunjwa linatosha.

c) Funga kwa bandeji inayovutika au kitambaa laini, kuanzia chini ya vidole kwenda juu. Usikaze mno. Bonyeza ukucha wa kidole mpaka uwe mweupe, kisha achia. Rangi isiporudi upesi, kwa sekunde 2 hivi, au vidole vikifa ganzi, legeza. Usiku ifungue.

d) Kama maumivu ni makali, weka kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10 hadi 15. Maji ya mtungi yanatosha.

e) Usikande kwa maji ya moto, usichue kwa nguvu, na usinywe pombe. Mambo haya huongeza damu na uvimbe siku za mwanzo.

f) Hata siku hizi chezesha vidole, na upandishe na kushusha unyayo taratibu mara 10, kila baada ya saa moja au mbili, pasipo kulazimisha.

Mtu asidhani wataalamu nao hawabadilishi mawazo. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, alifundisha kwamba kiungo kilichoumia kipumzishwe, kiwekwe barafu, kifungwe na kuinuliwa. Dunia nzima ilifuata. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vyaweza kuchelewesha uponyaji. Ni mfano mzuri wa unyenyekevu! Kwa hiyo, baridi ni ya kutuliza maumivu, na kulala wiki nzima siyo tiba.

6. BAADA YA HAPO: MGUU HUPONA KWA KUTUMIKA

Hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Nyuzi zinazoungana zinahitaji kuvutwa kidogo kila siku ili ziungane kwa mpangilio na kuwa imara. Zisiposogezwa, kiungo hukakamaa na misuli hupungua. Mtaalamu wa kazi hii huitwa mtaalamu wa tiba ya viungo, au fiziotherapia. Sisi tuliotoka Kongo na Burundi tulizoea kumwita kine. Kazi yake kubwa siyo kuchua. Ni kutufundisha mazoezi ili tuyafanye wenyewe. Haya ndiyo aliyofundishwa dada yetu:

Fimbo. Ishike kwa mkono wa upande ulio mzima. Fimbo na mguu mbovu huenda mbele pamoja. Kupanda kilima, anza na mguu mzima. Kushuka, anza na mguu mbovu.

Kuandika hewani. Kaa, inua mguu, andika herufi A hadi Z kwa kidole gumba. Mara 2 au 3 kwa siku.

Mpira wa baiskeli. Kata utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ufunge kwenye mguu wa kitanda au mti, uuzungushe kwenye unyayo, kisha vuta unyayo pande zote nne, mara 10 kila upande. Anza pale unapoweza kukanyaga bila shida kubwa.

Kunyanyuka kwa vidole. Simama ukishika ukuta, inua visigino, shuka taratibu. Mara 10, ukiongeza kidogo kidogo.

Kusimama kwa mguu mmoja. Simama kwa mguu ulioumia karibu na ukuta, ukihesabu mpaka 30. Ukizoea, fanya bila kushika. Zoezi hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote, nalo ndilo linalozuia mguu usiteguke mara ya pili, kwa kuwa linaufundisha kujirekebisha haraka unapokanyaga jiwe.

Kipimo ni hiki: kuumia kidogo wakati wa zoezi si vibaya. Lakini ikiwa kesho yake asubuhi uvimbe au maumivu yameongezeka, ulizidisha, punguza, usiache. Mguu ulioteguka kidogo waweza kupona kwa wiki 1 hadi 2. Ulioumia zaidi huchukua wiki 3 hadi 6, na ulioumia sana miezi 3 au zaidi. Shavu la mguu likivimba na kuuma sana, au ukipata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, nenda hospitali upesi.

7. GOTI, BEGA NA KIUNO

Kanuni ni ileile: kagua, linda, kisha sogeza. Goti au mkono uliotolewa plasta usiachwe umekunjwa. Muulize mhudumu wa afya mazoezi siku hiyohiyo plasta inapotolewa. Bega lililofungwa shingoni kwa kitambaa muda mrefu laweza kukakamaa kwa miezi mingi.

Kwa kiuno, kulala siku nyingi hudhuru. Tembea kidogo kila siku. Maji lita 20 yana uzito wa kilo 20. Mwenye maumivu achukue madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au aende safari mbili. Lakini mtu mwenye maumivu ya kiuno akikufa ganzi sehemu za siri, akishindwa kuzuia mkojo, au miguu ikikosa nguvu, hiyo ni hatari. Apelekwe mara moja.

8. JE, KUFANYA MAZOEZI NI KUKOSA IMANI?

Ndugu wengine husema, "Nimeombewa, sihitaji mazoezi." Soma tena Matendo 3. Petro alimwamuru yule kiwete kwa jina la Yesu, halafu akamshika mkono wa kuume akamwinua. Jina la Yesu na mkono wa ndugu vilikuwa pamoja. Mungu aliyeweka ndani ya mwili uwezo wa kujiunga ndiye huyohuyo tunayemwomba. Anayefanya zoezi lake asubuhi baada ya maombi hamkosei Mungu. Anaitunza kazi ya mikono yake.

Wako pia wapendwa ambao viungo vyao havitarudi kama zamani. Tusiwaambie kwamba imani yao ni ndogo. Hatusomi kwamba miguu ya Mefiboshethi ilipona. Tunasoma kwamba Daudi alimtafuta, akamtoa Lo-debari katika nyumba ya watu, akamrudishia shamba la babu yake, na akamweka mezani pake siku zote. Asiyeponywa miguu asikose nafasi mezani.

9. KAZI YA KANISA

Waebrania 12 inawahimiza waliochoka watie nguvu mikono na magoti, na wanyooshe njia ya kupita, ili aliye kilema asizidi kuumia bali apate kupona. Angalieni, kunyoosha njia siyo kazi ya kilema peke yake.

Dada yetu alipoteguka mara ya pili, kikundi chake cha maombi kiligawana zamu. Kila siku nyumba moja ilimletea madumu mawili, na nyumba nyingine ilimwakilisha kwenye mstari wa posho kwa taratibu zinazokubalika. Vijana waliondoa mawe njiani na kuchimba mfereji wa kupitisha maji yanayomwagika bombani. Dada akafanya mazoezi yake wiki 6. Leo anachota mwenyewe, na binti yake amerudi darasani.

Zoezi la dakika 10 halimshindi mtu. Kinachomshinda ni dumu linalomsubiri mlangoni. Tukilibeba kwa muda, mguu utapona.

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Katika eneo letu, ni nani anachechemea sasa? Je, amekaguliwa?
2. Ni wapi njiani watu huanguka mara kwa mara? Tunaweza kupatengeneza lini?
3. Mama wa nyumba hii akiumia leo, nani atachota maji bila mtoto kuacha shule?
4. Simameni wote kwa mguu mmoja mkihesabu mpaka 30. Nani ameyumba?

TUOMBE

Ee Baba, wewe uliona hatua zetu zote tangu tulipotoka nyumbani. Wainue walioumia kati yetu. Wape subira ya kufanya kidogo kila siku, nasi utupe moyo wa kubeba mizigo yao mpaka wasimame. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.