Nani Aweza Kukata Rufani?

Watu wengi hapa West Nile hudhani kwamba yeyote aliyeumizwa na amri ya korti aweza kuikatia rufani. Sivyo. Haki ya rufani hutolewa na sheria, na pasipo sheria kuitaja, haipo.

Tuseme ndugu wawili wa Koboko wamegombea mpaka wa shamba la ukoo mbele ya korti ya LC II, na mmoja ameshindwa. Kwa Sheria ya Korti za Mabaraza ya mwaka 2006, yeye ana siku 14 za kupeleka rufani LC III. Kutoka huko shauri huenda kwa Hakimu Mkuu, kisha Korti Kuu ya Arua. Lakini kufika Korti Kuu yampasa apate ruhusa kwanza, nayo haitolewi ila pana swali kubwa la sheria au haki imepotoka sana.

Je, shangazi yao, aliyepanda muhogo katika shamba lile lile wala hakuitwa kortini? Yeye hakuwa mdai wala mdaiwa, basi mlango wa rufani si wake. Hapa ndipo wengi hupoteza nauli ya Arua bure, na kurudi wakisema wameonewa. Njia anayo, ila ni nyingine: amwendee Hakimu Mkuu, ambaye huzisimamia korti za LC kwa niaba ya Korti Kuu. Kama amri ilitolewa na hakimu, sheria yamruhusu mtu ajionaye amedhulumiwa, hata kama hakuwa katika shauri, kuiomba korti ile ile iitazame tena amri yake.

Tena yuko mtu aliyekuwa katika shauri lakini amejifungia mlango mwenyewe. Ndiye aliyekubali mapatano. Amri iliyotolewa kwa kukubaliana haina rufani, iwe ya LC au ya hakimu. Mzee atiaye dole gumba kwenye karatasi asiyosomewa, kwa kuchoshwa na maneno ya jamaa, aweza kupoteza shamba na rufani pamoja.

Kwa amri za hakimu, muda ni siku 30. Amri nyingine hukatiwa rufani moja kwa moja, nyingine kwa ruhusa tu. Siku ambazo korti inatumia kunakili amri na maandishi ya shauri hazihesabiwi. Basi aliyeshindwa aombe nakala siku ile ile ya hukumu, kabla hajapanda gari kurudi Koboko.